Mpaka wa Mji kwenye Wigo wa Mihina

Kijiji chetu kilikuwa na nyumba arubaini na moja mwaka kilipoingizwa mjini. Nilizihesabu mwenyewe, mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho. Kilikuwa katikati ya kisiwa, ukishapita Tononoka, wakati ambapo Tononoka yenyewe ilikuwa mashamba na vichaka. Mtu wetu akienda Mji wa Kale alisema anakwenda mjini, kama asemavyo mtu wa bara. Tulikuwa na kisima, msikiti wa mawe ulioezekwa makuti, na makaburi.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi katika ghala la ngozi karibu na forodha. Kazi yangu ilikuwa kupaka alama za wenye mali juu ya marobota, kwa brashi na lami. Chuoni nilikuwa nimesoma Kurani na hati ya Kiarabu. Herufi za Kizungu nilizijua kwenye marobota, nikilinganisha alama na jina la mwenyewe nililokwisha kulisikia. Baadaye nilianza kusoma matangazo ya serikali ukutani, kwanza ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza kwa msaada wa kamusi iliyokosa jalada. Nilikuwa na daftari ya kuandikia kila nililojifunza. Watu wa kijijini waliniona mtu wa haja, na mimi sikuwakatalia.

Nitaeleza kwanza mji unavyofanywa, maana wengi wanaokaa ndani yake hawajui. Sheria humpa mkuu wa serikali uwezo wa kutangaza mahali popote kuwa mji na kuuwekea mipaka. Vijiji vilivyomo haviulizwi kama vyataka. Huulizwa vinaishia wapi. Mpimaji huja akachora ramani; mipaka huandikwa kwa maneno, toka alama hii mpaka alama ile; maneno hayo huchapwa katika gazeti la serikali na kubandikwa hadharani. Mwenye pingamizi hupewa muda wa kulileta kwa maandishi, na kwetu muda huo ulikuwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, siku iliyotajwa hufika, na tangu alfajiri ya siku hiyo kanuni za mji huwa juu ya kila mtu aliye ndani ya mstari: kanuni za mapaa ya makuti, za vyoo, za mbuzi, za visima. Na za kuzika maiti.

Afisa aliyekuja kwetu mara ya kwanza alikuwa kijana mpole. Aliketi barazani mwa msikiti na mkalimani wake, akatuambia kwamba nyumba zetu zinapoishia ndipo mji utakapoishia.

Mzee aliyekuwa akitunza msikiti akauliza, "Na makaburi?"

Mkalimani akauliza, akajibiwa, akageuka. "Bwana asema makaburi si nyumba."

Basi tukaridhika. Makaburi yetu yalikuwa ng'ambo ya nyumba ya mwisho. Kama mji ungeishia kwenye nyumba ya mwisho, basi wafu wetu wangebaki nje, mahali pao, na sisi tungezikana kama siku zote. Hilo ndilo lililokuwa limewatia watu hofu, maana habari za kanuni ya maziko zilikuwa zimekwisha kutufikia kutoka mjini. Mengine waliyaona ya kuvumilika.

Lazima nieleze makaburi yale yalivyokaa. Kati ya nyumba ya mwisho na kaburi la kwanza lenye jiwe palikuwa na uwanja mwembamba wa mchanga. Mgeni angeona mchanga mtupu na angeufanya njia. Sisi tulijua kwamba pale wamelala watoto. Ilikuwa ada ya kijiji chetu kwamba mtoto aliyekufa kabla ya kuachishwa ziwa azikwe upande wa nyumba, ili asiwe mbali na mamake, na asiwekewe jiwe. Huwekewa kokoto za matumbawe tu, na kokoto huzama. Ndugu zangu wawili na dada yangu mmoja walikuwa pale. Hakuna mtu wa kwetu aliyepita juu ya mchanga ule. Ukitaka kwenda ng'ambo ulizunguka makaburi yote kwa nyuma, ukafuata kwa nje wigo wa mihina ulioyakinga, ukawasalimu waliolala, ukatokea barabarani. Nilianza kuzunguka hivyo kabla sijajua kusali, na sikumbuki kama kuna mtu aliyenifundisha.

Mpimaji alikuja asubuhi moja na mafundi wake wanne, mnyororo wa chuma, bendera nyekundu na vigingi. Alitaka wazee watangulie wakitembea pembezoni mwa kijiji, naye afuate nyuma akipima. Mimi niliombwa niandike majina ya alama kwa Kiswahili, nami nilikuwa nimekunja shati mikono na kuchonga kalamu mbili.

Jirani yetu mmoja, mfumaji wa mikeka asiyeacha mzaha hata matangani, aliuangalia mnyororo ukiburutwa. "Wakifunga kisiwa, kisije kikatoroka?" akasema.

"Chatorokea wapi, na wewe umekikalia?" akajibiwa na mtunza msikiti, kwa kuwa yule mfumaji alikuwa mnene.

Tulicheka. Tukatoka kisimani, tukaenda kwenye pembe ya ukuta wa msikiti, toka hapo mpaka nyumba ya mwisho. Na tulipofika nyumba ya mwisho wazee wakageuka upande, kama miguu yao ilivyozoea, wakazunguka makaburi. Mnyororo ukafuata. Tulipopita kwenye wigo wa mihina wote tuliinamisha vichwa, tukawaamkia waliomo. Hata mfumaji wa mikeka alinyamaza. Mpimaji, nadhani kwa adabu, alivua kofia yake. Kisha akapigilia vigingi vitatu kando ya wigo, akaniuliza wigo ule ni wa mti gani, nikamwambia, na nikaandika kwa hati nzuri kuliko zote nilizopata kuandika: *toka nyumba ya mwisho, kuzunguka kwa wigo wa mihina, hata barabara.*

Hakuna aliyewaza. Tulikuwa watu kumi na wawili na hakuna hata mmoja aliyewaza. Kama tungekuwa watu wasiojali wafu wao tungekata moja kwa moja juu ya mchanga, na mstari ungepita pale tulipotaka. Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi, na kila mara naona kwamba hatukuwa na namna nyingine ya kutembea.

Tangazo lilibandikwa majuma kadhaa baadaye, kwenye lango la soko na kwenye mlango wa msikiti wetu. Nililinakili lote daftarini, nikawasomea wanaume barazani, wakasema taib, wakatawanyika kwenda kazini. Nilijisikia vizuri kwa sababu maneno ya mpaka wetu yalikuwa maneno yangu, yamechapwa.

Jioni ile, kabla ya magharibi, nilimsomea mama. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, miguu imemvimba, na tangu mfungo uliopita hakuwa akitoka nje ya ukumbi. Nilisoma polepole. Nilipomaliza alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya leso yake.

"Wigo wa mihina upi?" akauliza.

"Ni ule mmoja tu, mama. Wa makaburini."

"Umepita nyuma yake au mbele yake?"

"Nyuma."

"Basi watoto wako ndani," akasema.

Sikuelewa mara moja. Niliyatazama maandishi yangu. Mwanamke asiyejua herufi alikuwa ameusikia mpaka kwa masikio tu, ameutembea moyoni mwake, na ameona kile ambacho wanaume kumi na wawili hawakukiona kwa macho. Watoto walikuwa ndani. Makaburi yote yalikuwa ndani ya mji. Na karatasi ya pili, ya kanuni, iliyobandikwa pamoja na tangazo, ilisema kwamba tangu siku ya mji kuanza hakuna maiti itakayozikwa ndani ya mipaka ila mahali palipotajwa katika orodha. Makaburi yetu hayakuwamo katika orodha, kwa sababu sisi wenyewe tulisema yatakuwa nje, na hakuna aliyeona haja ya kuyataja.

Mama alikuwa na ombi moja la maziko, na kijiji kizima kililijua. Alitaka alazwe kwenye ncha ya mchanga ule, miguuni mwa watoto wake watatu. Alikuwa amepaonyesha mahali penyewe miaka mingi nyuma, kwa kidole, akiwa mzima.

Nilikuwa na siku ishirini na tisa.

Wazee walipoelewa walitaka kwenda kusema. Kwao shahidi ni mtu anayesimama na kutamka mbele ya mwenye hukumu, na karatasi huja nyuma kama ikija. Niliwaambia mara hii maneno ya mdomo hayatafika, tangazo limesema kwa maandishi. Niliandika pingamizi mara nne, kila mara nikipunguza maneno ya huzuni na kuongeza ya vipimo. Nilieleza mchanga, watoto, ada yetu ya kuzunguka. Nililipeleka ofisini mwenyewe, baada ya kuomba ruhusa ghalani.

Karani aliyenipokea alikuwa Mgoa, mtu mzima mwenye miwani, si mtu mbaya. Alilisoma lote, jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwenye ardhi hii nani?" akaniuliza.

"Ni wakfu, bwana. Haina mwenyewe."

"Msimamizi wa wakfu?"

"Mtunza msikiti."

"Ana hati?"

"Hana. Aliyeiweka wakfu alikufa zamani, babu zetu wangali watoto."

"Basi nani ataweka sahihi kama mwenye ardhi?"

Nikasema sisi sote. Alitikisa kichwa, akaenda ndani, akarudi na faili. Akatoa karatasi moja, ile ya majina ya alama za mpaka, akaiweka mezani mbele yangu, akaigeuza ili nisome.

"Hati hii ya nani?"

"Yangu," nikasema.

"Nzuri sana. Nilipoiona nilidhani umesoma shule." Hakuwa akinidhihaki. "Rafiki yangu, nikimpelekea bwana mkubwa pingamizi lako atauliza nani aliyeonyesha mpaka. Nitampa hii. Atauliza nani anayeupinga. Nitampa ile. Mkono ni mmoja."

"Tulizunguka kwa heshima ya waliolala."

"Ramani haina pa kuandika hilo," akasema, akaikunja karatasi yangu mpya na kuitia ndani ya faili juu ya ile ya zamani. Alinishauri nimlete msimamizi na hati ya wakfu, au watu wawili waliokuwepo ardhi ilipotolewa. Watu hao wangekuwa na umri wa zaidi ya miaka mia.

Nilirudi mara tatu. Nilikwenda kwa watu wa sheria, nikaambiwa wakfu huthibitishwa kwa mashahidi au kwa hati. Nilipekua kasha la msikiti nikapata misahafu iliyoliwa na mchwa na stakabadhi ya mafuta ya taa. Daftari yangu ya siku zile ina safu mbili kila ukurasa: upande mmoja nilipokwenda, upande wa pili nilichoambiwa. Safu ya pili ni fupi.

Kulikuwa na safu ya tatu ambayo sikuiandika. Siku ya kumi na tisa nilijikuta, nikipaka alama kwenye robota, nikiwaza kwamba mama akifa ndani ya siku kumi zilizobaki hatuna haja ya barua yoyote. Atalala pale alipopaonyesha. Niliiweka brashi chini. Nilikuwa nimehesabu siku za pingamizi na siku za mama pamoja, na hesabu zote mbili zilikuwa zimefika tarehe moja.

Niliporudi nyumbani dada wa mama, aliyekuwa akimuuguza, alinikuta mlangoni. "Leo hakula," akaniambia. "Wala jana. Jana alinificha, uji akampa paka."

Niliketi kando ya kitanda.

"Zimebaki siku ngapi?" mama akaniuliza.

"Za nini, mama?"

"Wajua za nini. Wewe ndiwe uandikaye."

Nilimleta maalim asubuhi yake. Alisimama nje ya pazia, akamwambia kwa upole kwamba mtu kujinyima chakula kwa kusudi la kufa haifai, roho ni amana.

"Sijinyimi, maalim," mama akamjibu. "Sina hamu."

Maalim alinitazama, akanishika bega, akaenda zake. Alikuwa na mtoto wake pia kwenye mchanga ule.

Mama hakula siku hiyo, wala siku iliyofuata. Midomo yake ilipasuka. Niliomba, nililia mbele yake, mtu mzima mwenye mvi, akanipangusa uso kwa leso na kuniambia nisimchoshe. Siku ya ishirini na tatu nilirudi kutoka ofisini, ambako karani alikuwa ameniambia kwa upole nisije tena bila hati. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya ghala, orodha ya marobota ya ngozi. Niliitoa, nikaifungua, nikamwambia mama jibu limekuja.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. Nilisema serikali imeliona kosa, na mpaka sasa utatoka nyumba ya mwisho kwenda barabarani moja kwa moja, na wigo wa mihina na vyote vilivyomo vitakuwa nje ya mji. Mimi, ambaye sijapata kuandika alama ya robota kwa kukisia, nilisoma yote hayo kwenye orodha ya ngozi za ng'ombe.

"Rudia pale penye wigo."

Nikarudia.

"Mara ya kwanza ulisema na vyote vilivyomo," akasema. "Sasa hukusema."

Niliikunja karatasi ya ghala, nikairudisha mfukoni. Alinitazama kwa muda mrefu, macho makavu, kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikirudi chuoni na ubao mtupu. Kisha akamgeukia nduguye.

"Nipe uji," akasema.

Alikula vijiko saba. Kesho yake alikula bakuli zima, na mchuzi wa samaki juu yake. Watu wakasema amepata nafuu. Mfumaji wa mikeka alikuja kumsalimu na kumuuliza kama ataweza kucheza chakacha harusini kwa mjukuu wake, na mama akamwambia atacheza, ila mfumaji kwanza apungue unene. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilitoka nje.

Siku iliyotajwa ilifika. Nilikuwa macho tangu alfajiri. Mji ulipoanza hakuna aliyesikia kitu. Wanawake walikwenda kisimani, mbuzi wa jirani wakapita mlangoni petu kama kawaida, wakivunja kanuni ambayo hawakuijua. Nilikwenda kazini.

Mama alikufa siku ya sita ya mji, mchana, baada ya adhuhuri. Hakuniuliza tena habari ya barua, wala hakutaja watoto. Asubuhi ile alikuwa ametaka leso yake mpya afunikwe miguu.

Wako waliosema tumchimbie pale pale kabla askari hajajua. Mtunza msikiti alikuwa tayari ameshika jembe. Niliwaza, na mpaka leo naamini niliwaza sawasawa: kanuni ilitaja kwamba maiti iliyozikwa kinyume yaweza kuamriwa kufukuliwa. Nilikuwa nimelinakili neno hilo kwa mkono wangu. Sikuweza kumlaza mahali ambapo mtu angekuja kumwamsha. Nikasema hapana, na mzee akaliegemeza jembe ukutani bila kunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi.

Makaburi yaliyotajwa katika orodha yalikuwa mbali, na njia ya kwenda huko ilianzia barabarani. Tulimswalia msikitini, tukalibeba jeneza, na mimi nilikuwa mbele upande wa kulia. Tulipofika nyumba ya mwisho barabara ilikuwa mbele yetu, ng'ambo ya mchanga, hatua chache tu. Wabebaji waligeuka. Tulimzungusha mama makaburi yote kwa nyuma, tukafuata wigo wa mihina, tukipita vigingi vitatu vya chuma kimoja baada ya kingine, na penye wigo tuliinamisha vichwa tukawaamkia waliomo. Kisha tukatokea barabarani, tukaendelea.